KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: UVIMBE HULA NINI?

Likizo ya Agosti iliyopita baba alinituma nimsindikize shangazi hospitalini. Shangazi alikuwa na uvimbe kwenye titi. Aliuficha miezi kadhaa kwa sababu jirani mmoja alimwambia eti uvimbe wa namna ile hutumwa na watu wenye kijicho, na ukiutaja mbele za watu unazidi kukua. Siku hiyo daktari alikata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka maabara. Tulipokuwa stendi tukingoja matatu ya kurudi nyumbani, shangazi aliniuliza hivi:

"Mwanangu, wewe si unasoma Biolojia? Hebu niambie, hiki kitu hula nini hata kikue hivi? Na hao wa maabara wanatafuta nini katika nyama yangu?"

Nilinyamaza kama maji ya mtungini. Si kwamba sikujua chochote. Mtihani wa muhula uliotangulia niliupita vizuri tu. Lakini yote niliyoyajua niliyajua kwa Kiingereza, na nilipofungua kinywa kumjibu shangazi kwa lugha tunayoongea nyumbani, maneno yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikasema, "Nitakueleza siku nyingine, shangazi." Aibu iliyoje!

Tulipofungua shule nilimsimulia mlezi wa chama chetu. Alicheka kidogo, akasema, "Kama huwezi kumweleza shangazi yako, basi wewe mwenyewe hujaelewa. Kasome tena, kisha uyaandike kwa Kiswahili tuyatie katika jarida." Haya basi, mwenzangu, makala haya ndiyo jibu la shangazi. Keti tusome pamoja.

1. SELI NA MAISHA YAKE CHOMBONI

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Tofauti ni kwamba tofali halizai tofali jingine. Seli hujigawa ikawa mbili, mbili zikawa nne. Hivyo ndivyo mtoto anavyokua na ndivyo kidonda kinavyofunga.

Lakini seli ya kawaida haijigawi ovyo ovyo. Hungoja amri. Ukikatwa na panga kidoleni, seli za ngozi zilizo karibu hupata ujumbe kwamba kuna pengo, nazo hujigawa mpaka pengo lizibike. Likizibika, hutulia. Hebu fikiria kidole kingekuwaje kama zingeendelea tu!

Wanasayansi walijifunza mambo haya kwa kuotesha seli nje ya mwili. Mwaka wa 1907 Mmarekani Ross Harrison alichukua kipande kidogo cha neva ya kiluwiluwi wa chura, akakiweka ndani ya tone la majimaji ya mwili wa chura, akaona kwa hadubini jinsi uzi wa neva unavyorefuka. Tangu hapo watu waliendeleza kazi hiyo. Siku hizi seli za binadamu huwekwa katika chombo chenye maji yaliyotiwa chumvi, sukari, vitamini na vijenzi vya protini, chombo kikahifadhiwa katika joto la mwili, yaani nyuzi 37.

Sasa, hapa pana jambo la kushangaza. Chakula hicho chote hakitoshi! Seli nyingi za kawaida zikipewa sukari na vitamini peke yake hukaa tu, hazijigawi. Ni sharti uongeze maji ya damu ya mnyama, mathalani ndama, ndipo zianze kuzaana. Kumbe ndani ya damu mna kitu ambacho si chakula bali ni amri. Ni kama wanafunzi na kengele. Mwanafunzi anaweza kuwa ameshiba uji na maharagwe, lakini bila kengele kulia haendi darasani.

Kengele hiyo ya seli ndiyo tutakayoiita KICHOCHEO CHA UKUAJI. Na ajabu ya Musa ni kwamba kengele ya kwanza kutambuliwa vizuri ilipatikana ndani ya uvimbe.

2. MWANAMKE ALIYEFANYA KAZI CHUMBANI MWAKE

Rita Levi-Montalcini alizaliwa mwaka wa 1909 katika mji wa Turin, Italia. Babake hakutaka binti zake waende chuo kikuu, kwa kuona masomo ya juu yangewazuia kuwa wake na mama wema. Rita alimsihi mpaka akakubali, naye akahitimu udaktari mwaka wa 1936.

Miaka miwili baadaye, 1938, serikali ya Mussolini ilitunga sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi. Rita, akiwa Myahudi, alifukuzwa chuoni. Je, alikaa akilia? La hasha! Alitengeneza maabara ndogo katika chumba chake cha kulala. Sindano za kushonea alizinoa zikawa visu vya kupasulia. Akatafuta mayai ya kuku yenye mbegu, akawa anachunguza jinsi neva zinavyoota katika kifaranga ambacho bado hakijaanguliwa. Mabomu yalipozidi mjini, aliihamishia maabara yake mashambani. Penye nia pana njia.

Vita vilipokwisha, Profesa Viktor Hamburger wa Chuo Kikuu cha Washington katika mji wa St. Louis, Marekani, alisoma maandishi yake, akamwalika kwa miezi michache. Alifika mwaka wa 1947. Miezi hiyo michache iligeuka kuwa miaka 30 hivi!

3. UVIMBE WA PANYA NDANI YA YAI

Mwaka wa 1948 Elmer Bueker, aliyekuwa mwanafunzi wa Hamburger, alitoa habari za jaribio la ajabu. Alichukua kipande cha uvimbe wa saratani ya panya, akakipandikiza katika kifaranga kilichokuwa na umri wa siku tatu tu ndani ya yai. Baada ya siku chache aliona kwamba neva za hisia za kifaranga zimeota zikaingia ndani ya uvimbe ule, na mafundo ya neva hizo yamenenepa kuliko yale ya upande wa pili.

Hamburger na Rita walilirudia jaribio hilo. Rita aliona mambo mengine zaidi. Kuna neva ambazo huendesha kazi za mwili pasipo sisi kuziamrisha, kama vile mapigo ya moyo. Mafundo ya neva hizi yalikuwa yamekua mara kadhaa kupita kawaida. Nyuzi zake zilitapakaa kila mahali kama mizizi ya mgomba, nyingine zikapenya hadi ndani ya mishipa ya damu, mahali ambapo neva haina kazi yoyote.

Rita akajiuliza: je, neva hizi zinavutwa kwa sababu zimegusana na uvimbe, ama uvimbe unatoa kitu kinachosafiri? Akabuni njia ya kupata jibu. Uvimbe akauweka juu ya utando ulio nje ya mwili wa kifaranga, mahali ambapo haugusani na neva hata chembe. Kitu pekee kilichouunganisha uvimbe na kifaranga kilikuwa damu. Matokeo? Yale yale! Neva zikakua kupita kiasi.

Basi jibu likawa wazi. Uvimbe ulikuwa unamwaga kitu ndani ya damu, na kitu hicho kilikuwa kinaziamrisha neva kukua.

Ngoja kidogo, msomaji. Usikimbilie kusema kwamba umepata jibu la shangazi. Kitu hicho kilikuwa kikistawisha neva za kifaranga, si uvimbe wenyewe. Safari bado ni ndefu. Twende polepole.

4. PANYA WAWILI WAPANDA NDEGE

Kufanya majaribio ndani ya mayai huchukua majuma. Rita alitaka njia ya mkato, yaani kuotesha fundo la neva chomboni na kuweka kipande cha uvimbe kando yake. Kazi hiyo ilihitaji mtaalamu. Rafiki yake, Hertha Meyer, alikuwa na maabara nzuri ya kuotesha seli mjini Rio de Janeiro, Brazili. Basi mwaka wa 1952 Rita alipanda ndege kwenda Brazili, na ndani ya kisanduku kidogo alibeba abiria wawili wasiokuwa na tikiti: panya wenye uvimbe!

Mwanzoni mambo yalimwendea kombo. Alipotumia uvimbe uliotolewa moja kwa moja kwa panya, hakupata kitu cha maana. Hakukata tamaa. Akachukua uvimbe uliokwisha kupandikizwa katika vifaranga, akaweka kipande chake karibu na fundo la neva ndani ya tone la majimaji ya damu ya kuku yaliyogandishwa. Viwili hivyo havikugusana.

Katika muda wa siku moja hivi aliona kitu ambacho hakukisahau maisha yake yote. Fundo la neva lilikuwa limetoa nyuzi pande zote, nyingi, zilizonyooka, mfano wa jua linalotoa miale. Mafundo mengine yaliyowekwa bila uvimbe yalikuwa na nyuzi chache tu za kubahatisha.

Je, Rita alirukaruka kwa furaha akatangaza mara moja? Hapana. Mwanasayansi wa kweli hujishuku. Alijiuliza, vipi nikiweka nyama ya kawaida ya panya, isiyo na saratani? Alipojaribu, loo! Nyama ya kawaida nayo ilitoa miale, ingawa hafifu. Jambo hilo lilimvunja moyo sana wakati ule. Alidhani kitu hiki ni cha uvimbe peke yake, kumbe hata mwili mzima unacho! Miaka michache baadaye ndipo ilipobainika kwamba pigo hilo lilikuwa zawadi, kama tutakavyoona.

Faida kubwa ya safari ya Brazili ilikuwa kipimo. Sasa ukitaka kujua kama dawa fulani ina kichocheo, huhitaji kungoja majuma. Tia tone, ngoja hadi kesho, kisha tazama kama jua limechomoza.

5. SUMU YA NYOKA NA MATE YA PANYA

Mwaka wa 1953 alijiunga na kazi hiyo kijana mmoja mkemia, Stanley Cohen, mzaliwa wa Brooklyn, New York. Kazi yake ilikuwa kukitenga kitu chenyewe. Mwaka wa 1954 yeye, Rita na Hamburger walitangaza kwamba wamekitenga kutoka kwenye uvimbe wa panya wa aina mbili, zilizojulikana kwa nambari 37 na 180. Lakini walichokipata kilikuwa mchanganyiko wa protini na asidi za kiini cha seli. Kipi kati ya viwili hivyo kilikuwa na nguvu?

Ili kujua, Cohen alitia sumu ya nyoka. Usishtuke! Sumu ya nyoka ina kimeng'enya kinachovunjavunja asidi za kiini. Alifikiri hivi: ikiwa nguvu inatokana na asidi, sumu itaiua, ikiwa inatokana na protini, itabaki. Alipotazama chini ya hadubini, miale haikupungua. Ilizidi maradufu! Alipojaribu sumu peke yake bila uvimbe, miale ilikuwa vile vile. Kumbe sumu yenyewe ilikuwa na kichocheo hicho, tena kingi kuliko uvimbe kwa maelfu ya mara. Huo ulikuwa mwaka wa 1956.

Hapo Cohen akafikiri tena. Sumu ya nyoka hutoka katika tezi ambayo kwa hakika ni ndugu wa tezi ya mate. Je, mate ya panya? Akajaribu tezi za mate za panya dume, akakuta hazina tele. Hivyo basi kichocheo cha neva kikatengwa, kikawa ni protini. Mwaka wa 1971 mpangilio wake ulijulikana wote, vijenzi 118 vilivyofungwa pamoja kama shanga katika uzi.

Walitaka pia kujua kama mwili unakihitaji kweli ama ni pambo tu. Wakatengeneza kingamwili za kukizuia, wakawadunga panya wachanga. Panya walikua wakiwa na afya, lakini mafundo ya zile neva za kazi zisizoamrishwa yalikuwa karibu kutoweka. Ikawa dhahiri kwamba kichocheo hiki si mali ya uvimbe. Ni mali ya mwili, na uvimbe unakitengeneza tu kwa wingi. Ndiyo sababu nyama ya kawaida ilitoa miale kule Rio!

Halafu likazuka jambo la pili. Cohen alipowadunga panya wachanga maji ya tezi za mate, walifumbua macho mapema. Panya mchanga hufumbua macho akiwa na siku 13 au 14, lakini hawa walifumbua siku ya 7. Neva haziwezi kufanya hivyo. Cohen akashuku kwamba mna kichocheo kingine ndani yake, akakifuata mpaka akakitenga. Hiki kiliharakisha kukua kwa seli za ngozi ya juu. Mwaka wa 1986 Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel. Rita aliishi hadi miaka 103, akafariki mwaka wa 2012. Cohen alifariki mwaka wa 2020.

6. UVIMBE UNAJIPIKIA NA KUJIPAKULIA

Sasa tumefika penyewe. Tumeona kwamba uvimbe unaweza kutoa vichocheo vya kuamrisha seli za wengine. Je, unaweza kujiamrisha wenyewe?

Kwanza fahamu tofauti hii. Seli za kawaida zikioteshwa chomboni zina adabu. Huhitaji mahali pa kushikilia, hujigawa mpaka zigusane, kisha husimama. Ukiziweka ndani ya kitu laini kama jeli, hazikui kwa sababu hazina pa kushika. Seli za saratani hazina adabu hiyo. Hupandana juu kama magunia ghalani, na ndani ya jeli hukua vizuri tu. Aidha huhitaji maji ya damu kidogo kuliko wenzake.

Mwaka wa 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Joseph De Larco na George Todaro, walichukua maji ambamo seli za saratani za panya zilikuwa zikiishi. Si seli zenyewe, bali maji yake tu. Ndani ya maji hayo walipata protini ndogo ndogo. Walizitia kwenye seli za kawaida za figo la panya, zilizokuwa na adabu zake. Lahaula! Seli zile zikaanza kukua ndani ya jeli kama seli za saratani. Zilipoondolewa protini hizo, zikarudia adabu zake. Maana yake ni kwamba seli hizo hazikuugua saratani. Zilikuwa zimedanganywa tu na kengele ya uongo.

Mwaka wa 1980 Todaro na mwenzake Michael Sporn walilifafanua wazo hili. Seli ya saratani inaweza kutengeneza kichocheo, kukimwaga nje, kisha kukipokea yenyewe. Ni sawa na mwanafunzi aliyeiba kengele ya shule akawa anaipiga mwenyewe kila wakati anapotaka kwenda kula. Anajipikia na kujipakulia. Nani atampimia?

Baadaye wataalamu walipochambua protini zile waligundua kwamba hazikuwa za aina moja. Moja ilifanana na kichocheo cha ngozi alichokipata Cohen. Nyingine ilikuwa na tabia mbili, kwani seli za aina fulani huzichochea na nyingine nyingi huzizuia zisijigawe. Kwa hiyo usidhani kila kitu kinachotoka katika uvimbe kinasema "kua" kwa kila seli. Sauti ni moja lakini kila sikio hulisikia neno lake.

Mwaka wa 1983 ushahidi mwingine ulipatikana. Chembe zinazogandisha damu yetu hubeba kichocheo cha kuponya kidonda, nazo hukimwaga hapo ulipokatwa. Wataalamu waligundua kwamba virusi vinavyosababisha saratani ya nyani vina jeni inayofanana sana na ile ya kichocheo hicho. Uvimbe wa aina hiyo ulikuwa kama kidonda kinachopiga kengele ya "niponye, niponye" bila kupona.

7. MASIKIO NA MIFEREJI

Kengele bila sikio ni kelele za bure. Juu ya kila seli mna protini zinazoitwa vipokezi, ambazo ndizo masikio ya seli. Kichocheo kikifika hukamata kipokezi chake kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake, na habari hupelekwa ndani mpaka kwenye kiini. Baadhi ya seli za saratani hazipigi kengele. Zimeota masikio mengi mno, ama masikio yaliyoharibika yanayosikia kengele hata pale ambapo hakuna.

Katika saratani ya titi, takriban mgonjwa 1 kati ya 5 ana uvimbe wenye masikio mengi kupita kiasi ya aina inayoitwa HER2, ambayo ni ya jamii moja na sikio la kichocheo cha Cohen. Dawa ya trastuzumab, iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 1998, ni kingamwili inayoziba masikio hayo. Uvimbe mwingine wa titi una masikio ya kusikia homoni za kike, nao una dawa zake.

Umeona, shangazi? Hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta katika nyama yako. Walitaka kujua uvimbe wako una masikio gani, ili wajue ni dawa gani itakayoyaziba. Hawakutafuta mchawi.

Lakini umeuliza pia unakula nini. Chakula chake ni kile kile unachokula wewe: sukari, protini na hewa safi vinavyoletwa na damu. Mwaka wa 1971 daktari Judah Folkman wa Marekani alisema kwamba uvimbe hauwezi kupita unene wa milimita 1 au 2 bila kupata mishipa yake ya damu, na kwamba lazima uwe unatoa kichocheo cha kuiita mishipa. Wengi hawakumwamini. Mwaka wa 1989 kichocheo muhimu cha mishipa kilitengwa, na mwaka wa 2004 dawa ya kukizuia, bevacizumab, ilikubaliwa Marekani kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo uvimbe ni kama mtu anayejiunganishia mfereji wa maji usiku bila kibali. Maji ni ya mtaa mzima lakini yeye ndiye anayejaza mitungi.

8. HITIMISHO

Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Uvimbe wa saratani haukutoka kwa jirani mwenye kijicho wala haukurushwa usiku na mtu. Ni seli za mwili wenyewe zilizojifunza kupiga kengele, kuota masikio na kujivutia mifereji. Hauambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Na ukiutaja mbele za watu hauzidi. Unaozidi ni ule unaofichwa, kwa kuwa unapata muda. Yeyote mwenye uvimbe asioujua, awe mama, dada au hata baba, kwani wanaume nao hupata saratani ya titi, aende aonwe na daktari mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Likizo ya Desemba nilimsomea shangazi makala haya kabla sijayaleta kwa mhariri. Alikuwa ameanza matibabu, na kichwani amefunga leso kwa vile nywele zilikuwa zimemwisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hivyo huyu wa kwangu ni mwizi wa kengele." Nikamjibu, "Naam, shangazi, na daktari anamsaka." Akacheka. Siku iliyofuata alimwita yule jirani, akamweleza yote mwenyewe, tena kwa Kiswahili safi kuliko changu.

Ndipo nilipojua kwamba wale wanaosema Kiswahili hakiwezi sayansi hawajajaribu.

MSAMIATI
Hadubini: chombo cha kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Kichocheo cha ukuaji: protini inayoiamrisha seli kukua au kujigawa.
Kimeng'enya: protini inayoharakisha kazi fulani mwilini, kwa mfano kuvunja chakula.
Kingamwili: protini ya kinga inayokamata kitu maalumu na kukizuia.
Kipokezi: protini juu ya seli inayopokea kichocheo, "sikio" la seli.
Saratani: ugonjwa wa seli zinazojigawa bila kufuata amri za mwili, pia kansa.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini Rita aliuweka uvimbe juu ya utando ulio nje ya mwili wa kifaranga?
2. Eleza sababu ya Cohen kutia sumu ya nyoka, na kwa nini matokeo yalimshangaza.
3. Seli za figo zilirudia adabu zake zilipoondolewa protini. Jambo hili linatufundisha nini?
4. Taja njia tatu ambazo kwazo uvimbe hujipatia nafasi ya kukua.
5. Mweleze mtu wa nyumbani kwenu, kwa Kiswahili na bila kusoma kitabu, maana ya kipokezi. Akielewa, umepita.